Tanzia Imetoka, Marehemu Anakoroma

Wanangu wa kliniki,

Siku ya kuniaga mliniomba niseme machache, na kweli yakawa machache, maana kabla sijamaliza salamu keki ikaletwa, baada ya keki zikaja picha, na baada ya picha kila mmoja wenu akainama kutazama alivyotokea kwenye hizo picha. Nikarudi kitini kwangu. Hamkuniona, wala siwalaumu. Basi yale niliyokusudia kusema nayaandika hapa, myasome mkipata nafasi, yaani hamtayasoma.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilifika kimechoka kwa safari. Mshahara nao tuuache, marehemu hasemwi vibaya. Nitasema kazi.

Nilipopangiwa kitengo cha wagonjwa wa akili nilikuwa msichana, nimetoka chuo cha uuguzi na kofia yangu nyeupe, nikidhani nitapelekwa kwa akina mama wanaojifungua. Kwetu Mambrui majirani walikuja kumpa mama pole. Mmoja alimwuliza kwa sauti ya chini nimewakosea nini wakubwa. Mama akanifungia kipande cha hirizi kwenye mkoba, akaniambia nisiwatazame wagonjwa machoni. Kliniki yenyewe ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, mkipita jiko na chumba cha kufulia, ubavuni mwa mochari. Sijui nani alipanga hivyo. Nadhani alitaka mgonjwa aone mbele anakoelekea asijitaabishe kuuliza.

Aliyenipokea ni Bwana Kahindi, muuguzi mkongwe, mrefu, mkavu wa maneno, aliyekwenda kila mahali na kigoda chake cha mbao. Daktari alikuja akitaka, dawa zilikuja zikipenda, lakini kigoda kilikuwapo. Asubuhi ile ya kwanza mgonjwa alikuwa amekaa sakafuni pembeni, akibishana na ukuta. Mimi nikasimama mbele yake, mikono nyuma, nikamwambia kwa upole wa chuoni kwamba pale ukutani hapana mtu. Akanitazama kwa huruma kubwa, akaendelea na mazungumzo yake.

Bwana Kahindi akanivuta kando. "Binti yangu," akaniambia, "usimwambie mtu anayesikia sauti kwamba hakuna sauti. Yeye ndiye aliyekuwapo, wewe umefika sasa hivi. Mwulize zinasema nini, na kama zinamwachia nafasi ya kulala. Tena kaa chini kama alivyokaa yeye. Akipanda juu ya mti, hapo tutatafuta njia nyingine."

Hiyo ndiyo elimu niliyoitumia mpaka nikastaafu. Ya chuoni niliitumia kwenye mitihani. Akaniongezea moja nyingine, nayo naiandika kwa sababu nyinyi bado mnaizunguka kama paka na maji: swali unaloogopa kumwuliza mgonjwa ndilo hilo hilo la kumwuliza. Ukitaka kujua kama mtu anataka kujiua, mwulize kama anataka kujiua. Hutampa wazo. Wazo analo tangu juzi, anasubiri mtu wa kumsaidia kulibeba.

Siku zile wagonjwa walitufikia mwisho. Mgonjwa alikuwa amekwishanyweshwa, ameoshwa, amefukizwa, amesomewa na kuombewa, kila mtaalamu amechukua mbuzi wake, kisha jamaa wanamtua kwetu Jumatatu, na Jumatano wanauliza mbona hospitali haiponyi haraka. Tukimpa vidonge akalala, sifa ni za mganga. Akipiga watu mawe, makosa ni ya sindano yetu. Mimi nilizoea. Shukrani katika kazi hii ni kama mvua ya Marereni, ikinyesha unatoka nje kuitazama.

Kisha zikaja simu.

Mwanzo zilituvuruga kazi tu. Zamani mtu akitembea barabarani anasema peke yake na kurusha mikono, tulijua huyu ni wetu. Nilipata kumfuata bwana mmoja soko zima pale Malindi, taratibu, nimeshika mkoba wa dawa, nikimsikia akiapa na kulaani, mpaka nikamgusa bega na kumwambia, "Karibu ukae, baba." Akageuka, ana waya sikioni. Alikuwa anauza kiwanja. Ninavyosikia kiwanja chenyewe hakikuwa chake, kwa hiyo sikukosea sana.

Baadaye wagonjwa wakaanza kuja wamekwishajitibu. Msichana wa Mtwapa, sura nzuri aliyopewa na Mungu, anatoa machozi kwa sababu sura aliyopewa na simu ni nzuri zaidi. Kijana wa Takaungu ana marafiki maelfu humo ndani, na hakupata hata mmoja wa kumsindikiza hospitali. Wazazi nao wanamleta mtoto wao aliyezama kwenye simu, wanataka dawa, na wakati mimi nazungumza na mtoto, wao wawili wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na yake mkononi, wananijibu "mhm".

Wakubwa walitambua hatari hiyo, kwa hiyo wakatupeleka semina. Semina ilikuwa ya ustawi wa akili katika zama za kidijitali, kwenye hoteli ya ufukweni, na mwezeshaji alituomba tuzime simu zetu ili tuuonje utulivu. Tukazima. Ikalia yake. Akatoka nje kuipokea, na sisi tukauonja utulivu tukimsikiliza anavyogombana na mkewe mpaka chai ikapoa. Cheti ninacho.

Sasa nije kwa Karisa, maana wengi wenu mmeisikia habari yake kwa mafungu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, kama vile Marereni haina ya kutosha.

Karisa alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Marereni. Unasukuma maji ya bahari kwenye vidimbwi, jua linayanywa, unabaki na chumvi ya kukwangua na kubeba, na macho yanayouma kwa weupe. Kazi hiyo hakuilalamikia hata siku moja. Iliyomleta kwetu ni kazi ya pili, ya heshima, isiyolipwa: alikuwa katibu wa kikundi cha matanga cha ukoo wao, humo simuni.

Zamani habari ya kifo ililetwa na mtu. Anabisha hodi, anapewa maji, anaulizwa habari za huko, anasema njema, na ukimtazama unajua si njema. Ulipata muda wa kushika ukuta. Siku hizi habari inaingia kwa mlio, ukiwa unakoga. Na katika ukoo ule mkubwa ulioenea tangu Marereni mpaka Kaloleni, mlio ulianza kwa Karisa. Akipigiwa simu, yeye ndiye anaandika tanzia, anatafuta picha, anaizungushia maua na mishumaa, anaituma, kisha anakumbusha watu mchango, anapokea matusi ya waliokumbushwa, na kabla hajamaliza amekufa mwingine.

Alikuja kliniki na mkewe, Kadzo. Amekonda, halali, chakula anakitazama tu. Alinieleza kwamba alikuwa akisikia mlio wa ujumbe katikati ya vidimbwi vya chumvi, na simu ameiacha nyumbani.

"Nikifumba macho naona zile picha, sista," akaniambia. "Wote wanacheka. Mbona watu hupiga picha wakicheka? Na mimi ndiye huwachagulia maua."

Ilikuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyojua kuaga. Nikampa dawa za daktari, nikampangia siku za kuja kuzungumza, na nikamwandikia dawa moja ya kwangu mwenyewe: atoke kwenye kikundi. Akanitazama kama nimemwambia atoke kwenye ngozi yake. Kadzo ndiye aliyesema, "Toka, mume wangu. Watajizika wenyewe." Jioni ile akatoka.

Vidonge vyote huja na karatasi ndani ya boksi ya kueleza madhara. Dawa yangu haikuwa na karatasi.

Kule kikundini yakatokea maandishi madogo kwamba Karisa ametoka, na ukoo mzima ukapandwa na mori. Ametoka kwenda wapi? Anajiona nani? Kisha likaja lile linalomaliza ubishi wote kwa watu wetu: na yeye akifa atazikwa na nani? Kukosa kwenda kwenye matanga kunasameheka, mtu husema nauli. Kutoka kwenye kikundi cha matanga ni kutangaza kwamba huna haja na watu wala kaburi.

Sasa, katika kikundi kile alikuwamo Ngumbao, mgema wa huko Kakuyuni. Hakuwa wa ukoo, alikuwa mtani wao. Nyinyi mliotoka mbali na pwani hii mjue kwamba kila ukoo una watani wake, na kwenye matanga mtani ana ruhusa ya kufanya lisilofanywa. Analala kwenye kitanda cha maiti, anavaa viatu vyake, anamtukana kwa uvivu wa kufa mapema, anamwamrisha ainuke. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ni tiba ya zamani kuliko yetu, na haihitaji kupozwa kwenye friji. Ngumbao aliifanya kwa kipawa, na humo simuni akasifiwa sana. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Asubuhi, kabla ya kupanda minazi yake, akaandika: "Tanzia. Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha ndugu yetu Karisa wa Marereni, aliyetuacha ghafula jana jioni. Chanzo cha kifo ni kidole chake mwenyewe, alichobonyezea kitufe cha kutoka. Ameacha mjane, watoto, na jumbe zisizosomwa." Akaweka picha ya Karisa, maua na mishumaa, kwa ufundi ule ule aliojifunza kwa Karisa. Akaipeleka simu dukani ikachajiwe, akaenda kugema.

Waliokuwa kikundini walicheka. Kisha mtu mmoja, wanasema wa Mtwapa, akaona utani ni mrefu mno. Akakata mwisho, akabakisha kifo, picha na mishumaa, akaupeleka kwa wengine. Wengine wakawapelekea wengine. Kufika mchana Karisa alikuwa ameangukiwa na magunia ya chumvi. Kufika alasiri maiti ilikuwa imelala mochari ya Malindi, na siku ya mazishi imetajwa.

Na jinsi alivyosifiwa! Wale wale waliomwita mwenye kiburi jana jioni wakaandika kwamba ameacha pengo lisilozibika. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa nguzo. Kadzo aliponionyesha simu yake nilisoma nikajua kwamba sisi tungetibu nusu ya watu wa pwani hii bila kidonge, lau wangekuwa wanaambiwa haya kabla ya mishumaa.

Kadzo aliingia kliniki kesho yake asubuhi, kanga imekaa upande, amepanda gari la kwanza.

"Sista," akasema, "watu wamejaa kwangu wanahani, na maiti yuko ndani anakoroma."

Nikacheka. Wauguzi wawili wakacheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikamvutia kiti.

Akaeleza. Aliandika kikundini kwamba mumewe yu hai, akajibiwa, "Pole mama, ni mshtuko. Jikaze ukubali." Waliofika nyumbani aliwaambia Karisa amelala. Wakamjibu, "Ndiyo, mama, amelala." Angewafungulia mlango wakamwona, lakini Karisa mwenyewe amekataza. Alichukua simu ya mkewe akazisoma salamu za rambirambi zote, moja moja, akairudisha. Yake akaizima. Akalala tangu alasiri na usiku kucha, usingizi ambao dawa zangu hazijampa. Alipoamka alfajiri akasema neno moja, akalala tena, na neno hilo ndilo lililomleta Kadzo kwangu mbio.

"Amesema, 'Kumbe ndivyo kulivyo. Kimya hivi. Mbona nilikuwa nachelewa?'"

Hapo niliogopa. Nasema wazi, maana vitabu vyenu haviandiki kwamba muuguzi huogopa. Mtu aliyechoka kuishi akionjeshwa mauti bila maumivu, na tena akasifiwa, unampa sababu gani ya kurudi? Na kwenye uwanja wake wamejaa watu ambao wakati wowote wangesukuma mlango.

Gari la wagonjwa lilikuwa linakwenda upande huo kumchukua mama mjamzito. Nikapanda na Kadzo. Sikufikiri. Tulipoingia uwanjani, gari jeupe la hospitali, mjane amekaa mbele, kilio kilipanda mpaka kuku wakakimbilia vichakani. Maiti amefika! Wanaume wakaja kufungua mlango wa nyuma wamshushe. Nikashuka mimi na mkoba wangu.

"Yuko wapi?" mzee mmoja akaniuliza.

"Subirini, baba," nikamjibu. "Kunyweni chai kwanza."

Wakatii. Mtu wa matanga ukimwambia habari ya chai hakubishii.

Tukaingia kwa mlango wa uani. Nilimnong'oneza Kadzo atoe mle ndani kila kitu ambacho hakifai kuwa karibu na mtu katika hali ile, akakikusanya ndani ya kanga kama mtu anayetoa nguo za kufua. Karisa alikuwa amekaa juu ya kitanda, ameoga, mtulivu. Utulivu wenyewe sikuupenda.

"Karibu, sista," akasema kwa sauti ya chini. "Samahani, maiti hapokei wageni."

Nikakaa sakafuni. "Habari za huko?" nikamwuliza.

"Njema. Hakuna mtandao."

"Karisa, unataka kufa?"

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa bei. "Sitaki kufa, sista. Nataka niendelee kuwa nimekufa."

Kati ya maneno hayo mawili kuna upenyo mwembamba, na kazi yangu ya miaka yote ilikuwa ndani ya upenyo huo. Nikamwuliza itakuwaje wale wa nje wakijua.

"Watanirudisha kwenye grupu," akasema. "Kabla sijavaa shati watakuwa wamenirudisha. Ikiwa ni hivyo, afadhali niende kweli. Hapo hakuna wa kuniongeza."

Basi hapo ndipo tulipofika. Nikitoka kusema yu hai, namwua. Nikinyamaza, wanaendelea kumzika, naye anaendelea kuzoea. Nilibaki nimekaa sakafuni, nimemshika mguu.

Ndipo pikipiki ikasimama uwanjani.

Tukasikia wanawake wakianza kucheka kabla hata hawajaona kitu, kwa kujua nani amefika. "Mtani! Mtani amekuja!" Wakajiandaa kwa vituko. Mmoja akasema aletewe kitanda alale. Kisha kicheko kikakatika, vipande vipande, mpaka kukawa kimya, na ndani ya kimya kile mwanamume mmoja akawa analia.

Karisa akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Ngumbao," Kadzo akamjibu akichungulia.

"Anafanya utani."

"Sikiliza," nikamwambia.

Akasikiliza. Kilio cha utani kina tuni yake, kinapanda na kushuka kikingoja watu wacheke. Hiki hakikungoja mtu. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukosa pumzi, cha mtu aliyekaa mchangani bila kuchagua pa kukaa.

"Analia vibaya," Karisa akasema. Akasimama. "Mgema atajipasua kifua huyu." Akafungua kitasa, akatoka.

Sitawaeleza vizuri kilichofuata kwa sababu sufuria ya chai ilimwagika miguuni pangu. Wanawake walipiga mayowe, wazee wawili walioingia kwa mkongojo walitoka bila mkongojo, na kijana mmoja, badala ya kukimbia, alisimama imara akirekodi. Karisa alipita katikati yao kifua wazi mpaka kwa Ngumbao, akamsimamia.

"Wewe mgema, nyamaza. Unalia nini?"

Ngumbao akamtazama. Kwa desturi hapo alitakiwa amtukane: maiti gani huyu asiyejua hata kulala. Watu wote walikuwa wanalingoja tusi hilo wapate kupumua. Hakulitoa.

"Nakulilia wewe," akasema.

"Si wewe uliyeniua?"

"Ni mimi."

"Na ukaamini?"

"Nimechukua simu dukani leo, Karisa. Nimekuta watu kumi na watu kumi wananiambia umekufa. Wamenitajia magunia. Wamenitajia siku ya kuzika. Nikasema, basi labda mimi nilitania, na Mulungu akafanya." Akajifuta kamasi kwa mkono. "Nimelia kutoka Kakuyuni. Mwenye pikipiki amekataa nauli."

Karisa akachuchumaa. Nilidhani anaanguka, nikapiga hatua. Alikuwa anamshika mtani wake kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia, wala sikumwuliza. Kuna mambo hata kwenye kazi yetu unamwachia mwenyewe.

Watu walianza kurudi mmoja mmoja, na simu zikatolewa. Amefufuka! Picha ikapigwa, kabla maskini hajapewa shati. Yule kijana aliyekuwa akirekodi akasema kwa furaha, "Nimeshamrudisha kwenye grupu!" Nikamwona Karisa uso ukimfunga. Nilisema na kijana yule maneno ambayo sikufundishwa na Bwana Kahindi, tena kwa Kimambrui safi. Mzee wao akaingilia kati, nikadhani ananiunga mkono. Kumbe alitaka litolewe tangazo rasmi la kukanusha, liandikwe vizuri, wenye kuja kutoka Kaloleni wasipande gari bure.

Lakini nani aliandike? Wakatazamana. Ukoo mzima ulijua kutangaza mtu amekufa, na aliyeandika siku zote ni Karisa. Kutangaza mtu yu hai hakuna aliyewahi kuombwa.

Karisa akanyoosha mkono akapewa simu. Nilitaka kumzuia, Kadzo akanishika mkono. Aliandika pale pale mchangani, Ngumbao akimwegemea, bila maua wala mishumaa: "Karisa yu hai. Anaumwa. Anayempenda aje kwa miguu." Akautuma, akatoka tena kwenye kikundi mbele ya macho ya watu wote, akamkabidhi mkewe simu. Safari hii hakuna aliyeuliza atazikwa na nani.

Ujumbe ule ulipata vidole gumba vingi sana. Ukaishia hapo. Habari ya kifo chake ilifika Mombasa kabla ya alasiri; habari ya uhai wake haikuvuka Gongoni. Nadhani haikuwa na picha ya kutosha.

Waliokuja kwa miguu hawakuwa wengi. Alikuja dada yake, akaja mwenzake wa kwenye chumvi, akaja mmoja wa wale wazee na mkongojo wake. Ngumbao hakwenda kwao wiki ile. Minazi ya Kakuyuni ikapumzika. Kikundi kikapata katibu mpya, ambaye nimekwishamwona kwenye benchi letu, kwa hiyo mjiandae. Karisa aliendelea na dawa na mazungumzo, kuna miezi alipanda na kuna miezi alishuka, na mara mbili nilimlaza wodini. Kifo kikitokea katika ukoo, Ngumbao ndiye huenda kumwambia. Hubisha hodi, akapewa maji, akaulizwa habari, akasema njema.

Wiki yangu ya mwisho kazini Karisa alikuja kuchukua dawa. Ameanza kunenepa. Nikamwambia nimesikia kwamba huko Mtwapa wapo jamaa zake mpaka sasa wanaojua amekufa, na wengine walimsomea ibada. Nikamwuliza kwa nini hawapigii simu awasahihishe.

"Waache tu, sista," akasema, akikunja mfuko wa vidonge akiutia mfukoni. "Wale walinililia vizuri, wakamaliza. Mimi nitaishi na hawa wachache wanaojua."